Mmea Mmoja, Kemikali Zaidi ya Mia: Yajue Yaliyomo Ndani ya Bangi na Hempu

WAKATI wa kampeni za uchaguzi mkuu wa Agosti 2022, mgombea urais wa chama cha Roots, Profesa George Wajackoyah, aliwaahidi Wakenya kwamba angehalalisha kilimo cha bangi ili nchi ilipe madeni yake. Hakupata hata asilimia moja ya kura, lakini aliacha nyuma mjadala ambao haujaisha vinywani mwa watu: je, bangi ni sumu au ni dawa?

Katika mjadala huo, maneno mengi mapya yameingia. Kuna wanaotaja THC, kuna wanaotaja CBD, na kuna wanaoapa kwamba hempu si bangi kamwe. Ukiwasikiliza kwa makini utadhani kila mmoja anazungumzia mmea wake.

Kuyachanganya mambo haya si kosa dogo. Hebu tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto wa miaka sita anayeanguka kifafa kila wiki. Amezunguka hospitali hii na ile, tembe zinamfanya mtoto asinzie darasani, na majirani wameanza kunong'ona. Siku moja anamjia mtu mwenye kichupa mkononi na kumwambia: "Mama, haya ni mafuta ya bangi. Ng'ambo yanaponya kifafa."

Mfa maji haachi kutapatapa. Je, mama huyo anunue au asinunue? Ili tuweze kumjibu, ni lazima kwanza tuufahamu mmea wenyewe na yaliyomo ndani yake.

KAMA MUHOGO MTAMU NA MCHUNGU

Jina la kitaalamu la bangi ni Cannabis sativa, jina ambalo mmea huo ulipewa na mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka wa 1753. Bangi inayovutwa vichochoroni na hempu inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu ni mmea huo huo mmoja.

Wakulima wetu wa Pwani na Magharibi wataelewa jambo hili upesi. Muhogo mtamu na muhogo mchungu yote ni mihogo. Huwezi kuitofautisha kwa kutazama majani tu, lakini mmoja unaweza kuuchemsha na kuula jioni hiyo hiyo, na mwingine usipotayarishwa vizuri unaweza kukuua. Tofauti iko katika kiasi cha sumu kilichomo.

Ndivyo ilivyo kwa bangi na hempu. Hempu hutoa nyuzi za kutengenezea kamba, turubai, nguo na karatasi, na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Isichanganywe na mkonge unaotupa katani, kwa maana mkonge ni mmea mwingine kabisa usio na undugu wowote na bangi.

Kinachoitenganisha hempu na bangi ni kemikali moja tu inayolevya, iitwayo THC. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka wa 2018 inasema kwamba mmea ukikaushwa na kupatikana na THC isiyozidi asilimia 0.3, huo ni hempu. Ukizidi hapo, ni bangi. Nchi za Muungano wa Ulaya zilikuwa na kiwango cha asilimia 0.2, na zikakipandisha hadi 0.3 kuanzia mwaka wa 2023.

Kwa kulinganisha, bangi iliyonaswa na maafisa wa usalama nchini Marekani ilikuwa na THC ya wastani wa karibu asilimia 4 mwaka wa 1995. Kufikia mwaka wa 2014, wastani huo ulikuwa umefika karibu asilimia 12. Yaani wakulima wa magendo wameuchagua mmea mwaka baada ya mwaka, msimu baada ya msimu, hadi ukawa mkali mara tatu.

KANABINOIDI NI NINI?

Ukilitazama ua la mmea jike wa bangi kwa kioo cha kukuzia, utaona vinyweleo vidogo vyenye vichwa vinavyong'aa kama umande. Ndani ya vichwa hivyo mna utomvu unaonata. Katika utomvu huo ndimo zinamopatikana kemikali ambazo wanasayansi huziita kanabinoidi.

Hadi sasa, zaidi ya aina 100 za kanabinoidi zimetambuliwa. Nyingi hupatikana kwa kiasi kidogo mno. Zinazojulikana zaidi ni THC, ambayo kirefu chake ni tetrahaidrokanabinoli, na CBD, yaani kanabidioli.

Jambo la kushangaza ni kwamba kemikali hizi zina mama mmoja. Mmea huanza kwa kutengeneza asidi iitwayo CBGA. Kisha, kulingana na mbegu yake, huigeuza asidi hiyo kuwa THCA, au CBDA, au nyingine. Mmea uliorithi uwezo wa kutengeneza THCA kwa wingi huwa bangi kali. Ule uliorithi njia ya CBDA huwa na CBD nyingi na THC kidogo.

THCA yenyewe hailevyi. Ni lazima ipate joto, ndipo igeuke kuwa THC. Ndiyo sababu wavutaji huichoma na wapishi wa mihadarati huipasha moto kwanza. Bangi ikikaa muda mrefu kwenye hewa na mwanga, THC nayo huharibika polepole na kuwa kemikali nyingine iitwayo CBN, ambayo nguvu yake ya kulevya ni ndogo.

THC: UFUNGUO BANDIA

Ingawa watu wametumia bangi kwa maelfu ya miaka, kiini cha ulevi wake kilijulikana juzijuzi tu. Mwaka wa 1964, Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Israeli, walifaulu kuitenga THC na kueleza umbo lake. Mechoulam, aliyefariki mwaka wa 2023, alipenda kusimulia jinsi alivyopewa na polisi kilo tano za bangi ya kusindika iliyonaswa kutoka Lebanoni, akapanda nayo basi hadi kwenye maabara, abiria wenzake wakishangaa harufu ile inatoka wapi.

Lakini kwa nini kemikali ya mmea wa shambani imlevye binadamu? Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1988, wakati watafiti wa Marekani walipogundua kwamba ubongo una vipokezi maalumu vinavyoipokea THC. Vipokezi hivyo viliitwa CB1. Mwaka wa 1993 vikagunduliwa vingine, CB2, ambavyo hupatikana zaidi katika chembechembe za kinga ya mwili.

Vipokezi ni kama kufuli, na mwili haukutengeneza kufuli ili lifunguliwe na bangi. Mwaka wa 1992, Mechoulam na wenzake waliupata ufunguo halisi ambao mwili hujitengenezea wenyewe. Waliuita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya raha kuu. Mwili huitumia kemikali hii na nyingine za aina yake kurekebisha maumivu, njaa, usingizi, kumbukumbu na hisia.

THC basi ni ufunguo bandia. Inaingia kwenye kufuli, inafungua, na inakaa humo kwa muda mrefu kuliko ufunguo wa mwenyewe. Hapo ndipo mvutaji anapocheka bila sababu, anapoona njaa ya ghafla, macho yanapokuwa mekundu, moyo unapokwenda mbio, na anaposahau alichotaka kusema. Wengine badala ya raha huingiwa na hofu kubwa, wakidhani kila mtu anawafuata.

Ni kweli kwamba kituo cha ubongo kinachoongoza kupumua kina vipokezi vichache vya CB1, na kwa hivyo bangi haimzimi mtu pumzi kama inavyofanya heroini. Lakini kutokufa papo hapo si sawa na kuwa salama, kama tutakavyoona.

CBD: NDUGU ASIYELEVYA

Kanabidioli, yaani CBD, ilitengwa mwaka wa 1940 na mkemia wa Marekani, Roger Adams, na umbo lake kamili likaelezwa na Mechoulam mwaka wa 1963. CBD na THC zina idadi sawa ya atomu za kaboni, haidrojeni na oksijeni. Tofauti ni jinsi atomu hizo zilivyopangwa.

Tofauti hiyo ndogo inatosha. CBD haiingii vizuri kwenye kufuli la CB1, na kwa hivyo hailevyi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilichunguza suala hili mwaka wa 2018 na kusema kwamba CBD safi haionyeshi dalili za kumfanya mtu awe mraibu.

Zipo nyingine zinazotajwa sana na wauzaji: CBG, CBC, THCV na CBN. Kila moja inauzwa mahali fulani ulimwenguni kwa madai ya kuleta usingizi, kupunguza unene au kutibu baridi yabisi. Kwa sasa ushahidi uliopatikana kwa kuwapima watu wenyewe, wala si panya wa maabara, ni mdogo mno. Mtu akikuhakikishia kwamba mojawapo inaponya saratani au kisukari, shika mkoba wako vizuri.

DAWA ZILIZOTHIBITISHWA

Je, hakuna basi dawa inayotokana na bangi? Ipo, na si moja.

Mwaka wa 1985, Marekani iliidhinisha dronabinoli, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabarani, kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kupita kiasi kwa sababu ya dawa kali. Mwaka wa 1992 iliidhinishwa pia kwa wagonjwa wa Ukimwi waliokonda kwa kukosa hamu ya chakula. Uingereza nayo mwaka wa 2010 iliidhinisha Sativex, dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD, kwa wagonjwa wanaokakamaa misuli kutokana na ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

Ile inayomhusu mama wa mfano wetu inaitwa Epidiolex. Hii ni CBD iliyosafishwa, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. Mwaka wa 2020 ikaongezwa aina ya tatu inayotokana na ugonjwa wa kurithi wa uvimbe mwilini.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet waligawanywa mafungu mawili. Waliopewa CBD walipungua kutoka vipindi 12.4 vya kifafa kwa mwezi hadi 5.9. Waliopewa kimiminika kisicho na dawa walitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Hata hivyo, kati ya wale waliotumia CBD, ni asilimia 5 pekee walioacha kuanguka kabisa.

Kwa hivyo yule muuzaji hakusema uongo mtupu. Alichukua ukweli nusu akaujaza kwenye kichupa.

HESABU YA KICHUPA

Hebu tupige hesabu. Katika utafiti huo, watoto walipewa miligramu 20 za CBD kwa kila kilo ya uzani wa mwili kila siku. Mtoto wa kilo 20 angehitaji miligramu 400 kwa siku. Vichupa vingi vya mafuta ya CBD vinavyouzwa kiholela vina miligramu mia chache tu kwa ujumla. Kichupa chenye miligramu 300, hata kama kweli zimo, hakimalizi siku moja. Mama akimpa mtoto matone mawili matatu asubuhi na jioni, atakuwa amelipia mafuta ya kupikia kwa bei ya dhahabu.

Na je, kweli zimo? Watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD kupitia mtandao wa intaneti na kuzipima. Matokeo yao ya mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba ni bidhaa 26 pekee ambazo maandishi yake yalilingana na kilichomo ndani. Nyingine zilikuwa na CBD nyingi kuliko ilivyoandikwa, nyingine pungufu. Bidhaa 18 zilikutwa na THC, ile inayolevya. Ikiwa hayo yanatokea Marekani, kichupa kisicho na jina la mtengenezaji kinachouzwa stendi ya matatu kina nini ndani?

Vilevile, CBD halisi si maji. Huweza kuletea mgonjwa usingizi mzito, kuhara na kupoteza hamu ya kula. Huweza kudhuru ini, hasa mgonjwa akiwa anatumia dawa ya kifafa iitwayo valproeti. Hugongana pia na klobazamu na dawa nyingine kadhaa. Ndiyo sababu madaktari huagiza damu ipimwe kabla na wakati wa matibabu.

Hatari kubwa kuliko zote ni mzazi kuacha tembe za hospitali ghafla kwa kuwa sasa ana "mafuta". Kuzikatiza dawa za kifafa kwa ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa kifafa usiokoma, na hilo huua.

Na kumpulizia mtoto moshi wa bangi, kama wanavyoshauri wengine, hakufai kabisa. Bangi ya mtaani hulimwa kwa ajili ya THC. CBD iliyomo humo ni kidogo, na moshi ni moshi: unaharibu mapafu ya mtoto.

VIJANA WAKO HATARINI

Mamlaka ya kupambana na ulevi na mihadarati, NACADA, iliripoti katika uchunguzi wake wa mwaka wa 2022 kwamba Mkenya mmoja katika kila 53 wa umri wa kati ya miaka 15 na 65 alikuwa akitumia bangi. Hao ni zaidi ya watu nusu milioni.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi anapokaribia miaka 25. Kijana anayeufungua na kuufunga kwa ufunguo bandia kila siku huuvuruga ukiwa bado unajengwa. Utafiti uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil, ukachapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba waliovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kupata maradhi ya akili kuliko wasiovuta kabisa. Penye historia ya wazimu katika ukoo, tahadhari iwe maradufu.

Inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi wanaojaribu bangi hushindwa kuiacha. Kwa wanaoanza wakiwa matineja, ni karibu mmoja kati ya sita. Kwa akina mama wajawazito, bangi imehusishwa na watoto kuzaliwa wakiwa na uzani mdogo.

Wazazi wajihadhari pia na biskuti na keki zilizotiwa bangi. Moshi humlevya mtu kwa dakika chache, na kwa hivyo mvutaji hujua ametosheka. Bangi iliyoliwa hupitia tumboni na kwenye ini, ambako THC hugeuzwa kuwa kemikali kali zaidi. Huchukua kati ya nusu saa na saa mbili kabla ya kuonyesha nguvu zake. Mwanafunzi anayekula kipande kimoja, akaona hakuna kitu, hula cha pili na cha tatu. Vinapompata vyote kwa pamoja, hulewa kwa saa nyingi, na mtoto mdogo aliyeokota kipande anaweza kupoteza fahamu.

Zaidi ya hayo, kuna kanabinoidi za kutengenezwa viwandani ambazo hazijawahi kuonja udongo. Hupuliziwa kwenye majani makavu ya kawaida na kuuzwa kwa majina kama Spice na K2. Hizi hulishika kufuli la CB1 kwa nguvu kuliko THC, na zimewahi kusababisha kifafa, maradhi ya moyo na vifo. Hakuna anayeweza kuzitambua kwa macho wala kwa harufu.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa nchini, sheria ya mwaka wa 1994 ya kudhibiti mihadarati, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inapiga marufuku kulima, kuuza na kumiliki bangi. Sheria hiyo haimwulizi mtu ikiwa yake ni ya kulevya au ya "dawa". Kichupa cha mafuta ya bangi kinaweza kukufikisha kizimbani sawa na msokoto.

Kwingineko mambo yanabadilika. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka wa 2017, na Rwanda ikatoa kanuni zake mwaka wa 2021 kwa mauzo ya nje pekee. Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika na mihadarati ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari zisizo na manufaa makubwa ya tiba. Lakini watu wengi waliposikia habari hiyo walidhani bangi imeruhusiwa. La hasha. Imebaki katika orodha nyingine ya mihadarati inayodhibitiwa kote ulimwenguni.

MAMA AFANYE NINI?

Turudi kwa mama wetu na kichupa alichouziwa. Ushauri ni huu.

Kwanza, asikinunue. Ikiwa ameshakinunua, asimpe mtoto, na aende nacho kwa daktari amweleze wazi. Daktari hayuko pale kumshtaki.

Pili, asiache tembe hata kwa siku moja. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wa kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dawa nyingi za kifafa, kama fenobabitoni na kabamazepini, ni za siku nyingi na bei yake ni nafuu. Mara nyingi tatizo si ukosefu wa dawa mpya, bali ni kipimo kisichofaa, dawa isiyolingana na aina ya kifafa, au siku zilizorukwa.

Tatu, ikiwa mtoto anasinzia au bado anaanguka, aombe barua ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali kubwa. Aandike kwenye daftari kila mara mtoto anapoanguka: siku gani, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno mengi. Hapo ndipo mahali pa kuuliza kuhusu CBD iliyosafishwa, ikiwa kifafa cha mtoto ni cha aina inayosaidiwa nayo.

Nne, mtoto akianguka kwa zaidi ya dakika tano, akimbizwe hospitali mara moja. Asitiwe kijiko mdomoni wala asifungwe kwa nguvu. Alazwe kwa ubavu, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na mtu abaki naye hadi azinduke.

Ama kwa ule mjadala wa sumu na dawa, msomaji sasa ana jibu lake. Akikutana tena na mtu anayesifu au kulaani bangi, na amwulize maswali matatu: ni kanabinoidi gani, ni kiasi gani, na ni kwa ugonjwa gani? Asiyeweza kuyajibu hayo, mafuta yake na abaki nayo mwenyewe.